Chozi 23 wa Kahuzi: hesabu ilivyopanda na ilivyoshuka

Ujumbe uliingia Jumapili jioni, picha ya ukurasa wa daftari, kona moja imelowa, na chini yake maneno haya: "Yaya, chozi wa Rockefeller 23, asubuhi moja tu!! Wameongezeka!" Huku kwetu Bukavu yaya ni kaka au dada mkubwa, na aliyeniita hivyo ni binti anayesoma bioloji, mmoja wa vijana sita waliojichangisha pesa ya transporti na ya kiingilio wakaenda parki ya Kahuzi-Biega kutafuta ndege, hasa huyo chozi. Walitoka nyumbani saa kumi usiku, wakapita Miti, wakafika Tshivanga, mlango wa parki, kunapambazuka, wakatembea na mlinzi pamoja na mzee mmoja anayejua njia za mlima, wakarudi jioni na matope mpaka magotini. Na waliandika. Hicho cha kuandika ndo kilinifurahisha kuliko vyote, manake huku kwetu wanaoona ndege ni wengi, wanaoandika ni wa kuhesabu.

Lakini ile namba ilininyima usingizi. Sikufikiri wamedanganya hata kidogo, hawa watoto nawajua. Ila 23 kwa asubuhi moja, kwa ndege huyu, kwa njia ile waliyopita, haikuniingia akilini. Na haikupita siku mbili namba ikawa imeshatembea, mtu kaitia kwenye grupu ya WhatsApp, mwingine kaongeza "parki imepona", mwingine akauliza kama sasa watu wanaweza kuacha kulalamika kuhusu makala, yaani makaa ya kupikia, yanayotoka parki. Nikaona hapa tukikaa kimya tutaumiza kitu ambacho tunakipenda. Nikawaomba tukae chini tuipitie, mstari kwa mstari. Naandika kwa ruhusa yao, majina siweki.

Kwanza ndege mwenyewe, juu bila kumjua kisa hakieleweki. Chozi kila mtu anamjua hata kama hajawahi kukanyaga porini, ni yule mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda anayening'inia kwenye ua la mgomba nyuma ya nyumba, dume anang'aa jua likimpiga, jike ana rangi ya majani makavu. Aina ziko nyingi. Huyu wa Rockefeller, kwa jina la sayansi Cinnyris rockefelleri, ni wa milima yetu ya mashariki mwa Kongo: Itombwe, Kahuzi, na vilele vingine vya huku Kivu. Anaishi juu, kuanzia mita 2000 na kitu mpaka kupita 3000, na anapopapenda ni pale mianzi inapoishia, kwenye vichaka vya erika na mimea mirefu ya lobelia, na kandokando ya vijito vya juu. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka kwa miaka mingi kwenye ndege walio katika hatari ya kutoweka, ngazi ya kwanza kati ya zile tatu za hatari, na sababu kubwa ni kwamba eneo lake ni dogo na limekatikakatika, kilele hapa, kilele kule, katikati mashamba na mabonde.

Hilo jina lilikuja hivi. Mwaka 1928 na 1929 John Sterling Rockefeller, kijana wa ile familia ya matajiri wa Marekani, na mwenzake Charles Murphy walikuja huku kwa ajili ya makumbusho ya New York, wakimtafuta ndege mwingine kabisa, yule wa kijani wa Grauer aliyeelezwa kisayansi mwaka 1909 na ambaye wazungu wachache sana walikuwa wamemwona. Katika ndege waliopelekwa New York alikuwemo chozi huyu, na James Chapin, bingwa wa ndege wa Kongo, akamweleza mwaka 1932 na kumpa jina la Rockefeller. Siwalaumu. Ila inaniuma kwamba mpaka leo hana jina moja la Kiswahili ambalo mtoto wa Kavumu au wa Bagira anaweza kulitaja na kila mtu akaelewa ni yupi, na mtaona mbele jinsi ukosefu wa jina ulivyoingia kwenye kisa hiki moja kwa moja.

Haya, daftari. Lilikuwa na safu tatu: saa, ndege, idadi. Basi. Mwinuko haukuandikwa, maua hayakuandikwa, dume au jike iliandikwa pembeni mara moja moja. Tukachukua picha za kwenye simu zao, kila picha ina saa yake, tukazipanga na mistari ya daftari, tukapata kujua nani alikuwa wapi saa ngapi. Kazi hiyo ilituchukua mchana mzima kwenye baraza la nyumba yetu, na pale ndo 23 ilianza kuachana yenyewe.

Chozi 14 waliandikwa kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, chini kabisa, ukingoni mwa msitu karibu na barabara. Saba njiani ndani ya msitu. Wawili tu juu ya mianzi, na hao waliandikwa na vijana wawili waliokuwa na nguvu ya kuendelea na mzee wakati wenzao wanapumzika. Yaani sehemu ambayo ndege huyu ndo kwao imetoa wawili, na sehemu ambayo si kwao imetoa 14. Hapo tayari kuna swali.

Nikamuuliza kila mmoja peke yake: uliona nini hasa? Sikutaka jina, nilitaka alichokiona. Jibu lilikuwa lile lile, kijani mgongoni na kichwani, nyekundu kifuani. Sasa hapo ndo penyewe, kwa sababu maelezo hayo kwenye mlima ule ni ya ndege wasiopungua watatu. Kuna yule ambaye wataalamu wanamwita regius, mwenye njano ya wazi pande zote mbili za kifua, nyekundu imekaa katikati kama tai ya shingoni. Kuna reichenowi, nyekundu yake ni mkanda tu na tumbo limefifia, zeituni iliyochakaa. Na kuna wa Rockefeller, nyekundu yake ni pana, imejaa kifua, na inajirudia chini ya mkia. Wote watatu wana ule mstari wa bluu kati ya koo na kifua. Wote watatu hawatulii sekunde tatu. Ukiwa umesimama kwenye matope, darubini moja watu sita, ukungu unapita, unachoona ni kitu chekundu na kijani kimepita, na moyo wako tayari umeshaamua ni nani, juu ndo uliyemfuata kutoka Bukavu saa kumi usiku.

Picha zilikuwa nyingi na nyingi zilikuwa za jani lenye ukungu. Lakini nne za pale chini zilionyesha njano ubavuni bila ubishi. Regius. Binti aliyenitumia ujumbe aliikuza ile ya kwanza kwa vidole viwili, akaiangalia muda mrefu, akasema "huyu si yeye", akaenda ya pili, ya tatu.

Afu kuna majike. Kati ya wale 21 wa chini na wa njiani, sita walikuwa jike, na walipewa jina la Rockefeller kwa sababu walikuwa karibu na dume. Jike wa ndege hawa ni kijivu na kijani kilichofifia, hana nyekundu, hana njano ya maana, na kumtenganisha kwa macho mita 20 chini ya kivuli mimi siwezi, na sijaona mtu wa huku anayeweza kwa uhakika. Na kuwa karibu na dume hakuthibitishi kitu, chozi wanakutana kwenye ua kama watu wanavyokutana kwenye bomba la maji, ukikuta mama na baba wamesimama foleni moja huwezi kusema ni mume na mke.

Na kuna kichaka kimoja. Hiki ningependa kila mtu anayehesabu ndege akifikirie. Walisimama pale dakika kama 40, kimejaa maua, na walihesabu madume matano, ila walivyokuwa wanahesabu ni hivi, kila dume akija mtu anasema "mwingine!" na anayeshika kalamu anaongeza moja. Dume wa chozi akipata kichaka chenye asali nzuri anakishika kama shamba lake, anafukuza wengine, anatoka nyuma ya mti, anazunguka, anarudi kunywa, anaondoka tena. Katika dakika 40 dume mmoja anaweza kurudi mara nyingi sana. Je, walikuwa watano kweli? Kama hamkuwaona wawili kwa wakati mmoja, ninachoweza kukubali ni mmoja. Tulipouliza nani aliona wawili kwa pamoja, hakuna mkono ulioinuka.

Kwa hiyo tulipofika jioni walibaki wawili, wale wa juu ya mianzi, ambao picha zao zilionyesha kifua chekundu kipana na hakuna njano. Kutoka 23.

Kitu kilichoniuma zaidi kilikuja mwishoni, tukiwa tumeshafunga daftari. Binti akakumbuka kwamba kule ukingoni asubuhi, wakati wanashangilia, mzee aliwaambia: "Ile iko chozi ya chini. Ya juu bado hamujaona." Wao wakaelewa ya juu ni ya juu ya mti! Wakainua shingo wakaanza kutafuta kwenye matawi, wakaongeza wengine watatu. Mzee alikuwa anasema juu ya mlima. Alikuwa amewapa jibu lote, ndege, mwinuko na tofauti, kwa maneno mafupi kuliko kitabu chochote, na wao wakaliruka manake walikuwa na jina la Kilatini kichwani, na yeye alikuwa na jina lake mwenyewe, chozi ya chini na chozi ya juu. Mzee huyo ni Mtwa, wa wale watu wa asili wa msitu. Watu wake walitolewa kwenye msitu ule miaka ya 1970 parki ilipoundwa na kupanuliwa, bila kulipwa, na mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu uliotangazwa ulisema wazi kwamba haki zao zilivunjwa. Siwezi kuandika kuhusu kuhesabu ndege wa Kahuzi nikaruka hilo. Maarifa ya msitu ule yana wenyewe, na wengi wao leo wanaishi nje ya mpaka bila shamba, bila msitu, na sisi tunaenda na darubini kutafuta upya kitu ambacho walishakijua.

Wiki tatu baadaye nilienda nao. Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi, asubuhi baridi ya kuuma masikio. Tulikubaliana kwamba chini hatusimami kabisa, tunapanda. Unatoka kwenye miti mikubwa yenye mizizi iliyovaa ukungu, unaingia mianzi, na mianzi ya Kahuzi ina giza lake, unatembea kama ndani ya nyumba ndefu, ndege husikii sana, unasikia mianzi ikigongana. Afu ghafla dari linafunguka. Erika zina ndevu za kuvumwani, nyasi zimelowa, lobelia zimesimama kama nguzo. Pale mzee akaketi kwenye jiwe, akasema tunyamaze.

Dume alikuja baada ya muda mrefu. Alishika shina la lobelia kwa pembeni, kichwa chini, akaingiza mdomo kwenye ua moja, akatoa, akahamia la juu yake, na kila akitoa kichwa kipaji chake kilikuwa na unga wa njano wa maua. Jua dogo likapenya na kifua kikawaka, chekundu kipana kweli kweli, si mstari. Akageuka akatupa mgongo, mkia ukainuka, na chini yake nyekundu ile tena. Binti alikuwa na darubini na mikono ilikuwa inatetemeka, ya baridi au ya furaha sijui, akanong'ona: "Chozi ya juu." Hakusema Rockefeller. Asubuhi ile nzima tuliandika madume watatu wa uhakika, na wengine wanne tukawaandika kwenye safu mpya tuliyoitunga sisi, inaitwa "chozi tu".

Sasa mtu atauliza, wawili au watatu au 23, kuna tofauti gani, si ndege wapo? Tofauti ni kubwa, na iko kwenye umbo la mlima. Kahuzi ina mita 3308, Biega 2790. Ukitoa mashamba na msitu wa chini na mianzi, kinachobaki cha erika na lobelia ni kofia ndogo kwenye kilele. Mlima unavyopanda unazidi kuwa mwembamba, kila mita 100 unayopanda eneo linapungua. Parki nzima ina kilomita za mraba kama 6000, ndiyo, lakini sehemu kubwa ni ya chini, ile iliyoongezwa mwaka 1975, huku juu ni kama 600, na katika hizo 600 kofia ya chozi wetu ni kipande tu. Mtu akisikia "wameongezeka, 23 asubuhi moja" anafikiri ndege amesambaa mpaka barabarani. Kumbe aliyesambaa barabarani ni regius, na wa Rockefeller amebaki kwenye kofia yake. Na joto likiendelea kupanda duniani, mimea ya baridi inasukumwa juu, ndege wa chini wanaweza kufuata mlima wakapanda. Yeye atapanda wapi? Juu ya 3308 kuna mawingu.

Kofia yenyewe ina adui zake. Moto wa kiangazi ndo ninaouogopa zaidi, manake erika ikikauka inawaka haraka sana na kurudi kwake kunachukua miaka mingi, na moto unaweza kuanzishwa na mtu mmoja tu aliyepika au aliyefukiza nyuki. Mianzi inakatwa kwa ajili ya nyumba, vikapu na fito za maharagwe yale yanayopanda juu, na kila mwanzi ukikatwa njia ya kufika kileleni inakuwa wazi zaidi. Chini yake kuna ile kamba ya porini, Sericostachys, ambayo pale msitu ulipofunguliwa imetambaa juu ya miti mpaka imeifunika kama blanketi, mti unakosa mwanga, unaanguka, na kamba inaenda kwenye mwingine. Na makala. Hapa nasema polepole kwa sababu jikoni kwangu pia kuna mbabula, yaani jiko la makaa, na kuna makala, kama kwa jirani zangu wote, na umeme ukikatika siku tatu sijui mtu apike na nini. Gunia linapofika sokoni halisemi limetoka wapi, lakini sote tunajua mengine yametoka upande wa parki. UNESCO iliandika parki hii kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, karibu miaka 30 sasa. Kwa parki iliyo hivyo, habari ya uongo kwamba ndege wameongezeka inaweza kumfanya mtu mwenye uwezo wa kusaidia aende kusaidia kwingine.

Tulichobadilisha kwenye daftari ni hiki. Safu ya mwinuko, simu inaonyesha. Safu ya ua, yaani ndege alikuwa anakunywa kwenye nini, kwa sababu chozi wanafuata maua, na ukihesabu wakati lobelia imechanua afu ukarudi wakati haina ua utasema wamekufa wote kumbe wamehama bonde moja. Tunasimama sehemu moja dakika kumi, na namba tunayoandika ni ile ya wengi walioonekana kwa pamoja, hata kama wamekuja mara ishirini. Jike bila ushahidi ni "chozi tu". Dume ambaye kifua hakikuonekana vizuri ni "chozi tu". Mwanzoni vijana hawakuipenda safu hiyo, iliwaonekania kama kukubali kushindwa, mimi nikawaambia ndo safu yenye ukweli mwingi kuliko zote. Na jambo la mwisho, anachosema mzee kinaandikwa kama alivyosema, kwa maneno yake, kabla hatujakitafsiri.

Ile namba kwenye grupu binti aliirekebisha mwenyewe. Aliandika ujumbe mrefu, akaweka picha za njano ubavuni, akaeleza kichaka cha dakika 40, akasema wa uhakika walikuwa wawili. Wengine walimjibu kwa ukali, kwamba anawavunja watu moyo. Hakufuta.

Safari ya tatu tuliipanga lakini haijafanyika. Februari 2025 vita ilifika mjini kwetu, na tangu hapo kundi zima halijapanda mlima, wawili wamehama, mzee tunapata salamu zake kwa watu. Kwa hiyo vijana waliobaki wanahesabu hapa hapa, kwenye migomba ya nyuma ya nyumba na kwenye ua wa hibiskasi, kuna chozi yule mkubwa wa rangi ya shaba mwenye mkia mrefu, na yule mdogo mwenye tumbo la njano. Dakika kumi, saa, ua, wangapi kwa pamoja. Jumamosi iliyopita binti alinionyesha ukurasa wake: shaba dume 1, wa tumbo la njano dume 2, chozi tu 5.